Meza ya Daraja la Tatu

Jumamosi, Oktoba 4

Nimekufa wa kwanza tena. Chai yangu ilikuwa bado ina moto.

Naandika haya kwa sababu mwaka huu mimi ndiye mpimaji wa Mwingi, na nataka pawe na mahali pamoja ambapo naweza kusema ukweli bila mtu kunikatiza. Tunachezea dukani kwa Fahim, nyuma ya kaunta ya simu, meza mbili kila Jumamosi mchana. Mchezo unaitwa Himaya. Watu wanne, kila mmoja na fungu lake la kadi sitini alizochagua mwenyewe, ambalo vijana wanaliita deki. Kila fungu lina Mkuu wake. Kila mtu anaanza na roho thelathini, na zamu yako ikifika unachagua utampiga nani kati ya wale watatu. Anayebaki hai ameshinda; muda ukiisha wamebaki zaidi ya mmoja, mwenye roho nyingi ndiye mshindi.

Shida ni kwamba mafungu hayalingani. Mtu anaweza kununua pakiti mpaka akapata kadi za kumaliza meza nzima, na mwenzake ana zile za kuanzia tu. Kwa hiyo kila fungu linapewa daraja, moja kwa lililo dhaifu mpaka tano kwa lenye nguvu kuliko yote, ili watu wacheze na saizi yao. Desemba kuna mashindano Kitui: sisi, wenyeji, mji wa Wote na Mtito Andei. Ni ya daraja la tatu kushuka chini. Mji ukileta hata fungu moja lililozidi daraja lake, pointi za mji mzima zinafutwa na mwaka unaofuata mnakaa nyumbani. Watu wa Wote walifungiwa hivyo mwaka juzi na mpaka leo wanamlaani mpimaji wao.

Fahim alitaka tupime kwa kusoma kadi moja moja. Nilikataa. Kazi yangu ni ukaguzi wa nyama machinjioni, miaka kumi na sita sasa, na sijawahi kumpitisha ng'ombe kwa sababu ana ngozi nzuri. Nakata, naangalia ndani. Fungu nalo linapimwa mezani: linashinda mara ngapi, linakufa mara ngapi. Karatasi inadanganya, meza haidanganyi.

Meza ya daraja la tatu tuko wanne, na ndio hao hao watakaokwenda Kitui. Mutiso ana bucha karibu na stendi na hajanisamehe fahali niliyemkataa Septemba. Rashid anauza nafaka, na pia mbuzi kutoka Tseikuru. Naye ana lake moyoni juu yangu. Mama Mbula ni mjane, fundi wa nguo, mtu wa kanisa, na binti yake Mbula ndiye mke wa Mutiso. Halafu mimi, Kavata. Mkuu wangu ni Malkia wa Mchwa. Fungu langu nimeliweka daraja la pili kwa sababu halijashinda hata mara moja tangu Juni.

Nataka kushinda mara moja tu kabla mwaka haujaisha. Nimeandika, basi.

Leo ameshinda Mama Mbula.


Jumatatu, Oktoba 6

Ng'ombe kumi na mmoja, maini mawili ya kutupa. Joto la kuua. Mutiso amepita karibu yangu bila salamu.


Jumamosi, Oktoba 11

Mama Mbula tena.

Sielewi. Mkuu wake ni Bibi wa Bustani, kadi inayorudisha roho moja kila raundi, kitu cha kuchezea watoto. Anasali kabla ya kuchanganya kadi. Ameondoa kila kadi yenye picha ya pembe. "Chenye pembe hakiingii kwangu," anasema, na hivyo ametupa nyati, ametupa swala, ametupa hata mbuzi. Mtu anayejenga fungu hivyo anatakiwa kufa kabla ya mandazi kuletwa. Lakini mimi, Mutiso na Rashid tunaumizana mpaka tunaisha, na yeye anabaki amekaa na roho zake ishirini na nane kama mtu anayengoja ibada ianze.

Kuna kitu mle ndani. Nitakipata.


Jumamosi, Oktoba 18

Mara ya tatu mfululizo.

Leo nilikaa macho. Raundi ya pili Mutiso alikuwa na fisi wawili wa kushambulia. Mbele yake kulikuwa na Rashid mwenye ngome, Mama Mbula asiye na kitu chochote, na mimi mwenye mchwa wawili tu.

"Fisi wote kwa Inspekta," akasema.

"Wote?" nikamuuliza. "Mama hapo hana hata ukuta."

Akaangalia chai yake. Mutiso huwa anakaa ameupa upande wa Mama Mbula bega, na akihitaji kujua mama huyo amebakiwa na roho ngapi anamuuliza Rashid.

"Basi na mimi nimpunguze," akasema Rashid, akanitupia mamba.

"Kwani nimewafanyia nini?"

"Ni mchezo, Inspekta. Usikasirike."

Nikafa raundi ya nne. Nikabaki kuhesabu zamu za wengine, maana mpimaji hata akifa anaendelea na kazi. Bibi wa Bustani alimaliza mchezo bila kuguswa. Fungu linalokaa salama namna hiyo, wiki baada ya wiki, si fungu dhaifu. Sijui linafanyaje, lakini mkaguzi halazimiki kujua mnyoo uliingilia wapi. Anaangalia kama upo.


Jumanne, Oktoba 21

Mvua ya kwanza, saa tisa mchana, vumbi likapigwa mpaka likanuka. Watu wa Mwingi wamekimbilia mbegu kama vile ni kitu kipya duniani.


Jumamosi, Oktoba 25

Nimefanya kazi yangu, na sasa duka zima linanuna.

Baada ya Mama Mbula kushinda tena, nilisimama na kusema wazi kwamba fungu la Bibi wa Bustani limepanda daraja la nne. Kwa hiyo kuanzia wiki ijayo linacheza meza ya pili, ile ya madaraja ya juu, na Fahim na vijana wa chuo, na Kitui haliendi.

Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"La nne?" Fahim akauliza. Yeye ndiye nahodha. "Kavata, umezisoma hizo kadi?"

"Sihitaji kuzisoma. Ameshinda Jumamosi zote za mwezi huu."

"Lakini ni Bibi wa Bustani."

"Ukimpeleka Kitui akawamaliza watu wa Wote vile anavyotumaliza sisi, wakisema tumeficha fungu, utawajibu hivyo? Ni Bibi wa Bustani?"

Mutiso akacheka, kicheko cha kuudhi. "Huyu hata kanisani akiingia atamkataa mchungaji, aseme ana mnyoo."

"Fahali wako alikuwa nao."

"Fahali wangu alikuwa mzima!"

"Ulimi wake ulikuwa umejaa malengelenge, Mutiso. Ulikuwa hapo. Uliuona."

Mama Mbula alikuwa anakusanya kadi zake polepole, anazifunga kwa utepe wa kitambaa. "Wacheni kelele," akasema. "Kavata ndiye amepewa kazi. Mimi nitakaa mahali nimewekwa." Halafu akanigeukia. "Tangu baba Mbula aende, Jumamosi ndiyo siku yangu ya kutoka. Nilikuwa nimeshona hata nguo ya kwenda Kitui. Lakini kama nina nguvu hivyo, basi ni sifa."

Alisema bila uchungu, na hilo lilinikera zaidi ya matusi ya Mutiso. Sipendi mtu anayenifanya nionekane mbaya kwa upole.


Jumatano, Oktoba 29

Mvua. Mbwa wa machinjioni wamelowa na wananuka. Mimi pia.


Jumamosi, Novemba 1

Meza ya pili ilimmaliza Mama Mbula raundi ya tatu. Wale vijana wa chuo hawatoki huku. Mmoja ni wa Meru, mwingine wa Kisii. Walimwamkia vizuri, "shikamoo mama," kisha wakampiga wote wawili kwa raundi moja. Alikaa nusu saa akiwatazama wakiendelea, mkoba mapajani. Halafu akasema anakwenda kuanua nguo. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Hakukuwa na nguo zozote nje.

Na mimi nikafa raundi ya nne.


Jumamosi, Novemba 8

Mama Mbula hakuja. Mutiso anasema ana homa. Nimemwambia homa haiandikwi kwenye vipimo. Fahim amekubali kujenga fungu jipya la daraja la tatu ashike nafasi yake.

Raundi ya tatu leo. Wananiua mapema sasa.


Jumatano, Novemba 12

Kumbikumbi wametoka kwa wingi jioni. Nilizima taa nikawaacha wagonge dirisha. Zamani ningekuwa nje na beseni.


Jumamosi, Novemba 15

Nimeulizwa swali na mtu ambaye hata hachezi, na tangu saa kumi sijatulia.

Fahim alioa Agosti. Mke wake, Naila, ni wa Malindi, na huwa anatuletea chai na mahamri. Leo niliuawa mapema kuliko siku zote, nikaenda kusimama jikoni kwake ili nisimwone Mutiso akitabasamu.

"Dada Kavata, niulize kitu?" akasema. "Usinione mjinga, mimi mchezo wenyewe siujui."

"Uliza."

"Yule mama mshonaji alipokuwa akija, mbona yule bwana mwenye bucha hakumpiga hata siku moja? Nilikuwa nikitazama tu. Awe na nini mkononi, kwa yule mama hapeleki."

"Ni mama mkwe wake," nikajibu. "Ni nthoni. Kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe. Hali naye sahani moja, hamwangalii usoni, hata jina lake halitaji. Kukaa naye meza moja ya mchezo ni kwa sababu siku hizi tumelegea. Kumpiga haiwezekani."

"Ahaa," akasema Naila, akapindua hamri kwenye mafuta. "Na Rashid?"

"Huyo mama alimlaza mama yake Rashid kwake miezi mitatu alipokuwa mgonjwa. Atampigaje?"

"Na wewe?"

"Mimi nampiga Mutiso. Halafu nakufa."

"Basi hakuna anayempiga yule mama." Akaniangalia kwa nia njema kabisa. "Sasa hizo ni kadi zina nguvu, au ni yeye?"

Nilimjibu kwamba mafuta yake yanaungua.

Mimi ni Mkamba wa kuzaliwa. Nimeona nthoni tangu nikiwa mtoto, nimeona baba akipanda juu ya ukuta ili asikutane na bibi yangu mzaa mama kwenye kijia. Niliiona pale mezani kila Jumamosi, bega la Mutiso, macho yake kwenye chai, na sikuihesabu kabisa. Nani huhesabu kitu ambacho kimekuwepo siku zote? Nimemwambia mwanamke mzee kwamba ana fungu la hatari kwa sababu mkwe wake ana adabu. Na aliyekuja kunifundisha hayo ni mtu wa Malindi mwenye unga mikononi.

Nina hasira. Kwanza na Naila, kisha na wale wawili walionyamaza, maana Mutiso alijua na Rashid alijua. Waliniacha nisimame pale nitangaze.


Jumapili, Novemba 16

Nilikwenda kwa Mama Mbula baada ya ibada. Alikuwa anashona sare za shule, hana homa yoyote.

"Umekuja kunipima na mimi?" akauliza bila kusimamisha cherehani.

"Nimekuja kuazima deki yako, mama. Siku moja tu."

"Ichukue. Iko hapo kwa Biblia. Mimi sina haja nayo."

"Nadhani nilikosea kipimo."

Hapo akasimamisha cherehani. Nilifikiri atafurahi. "Ulikosea vipi?"

"Nitajua jioni."

Fahim alinipa mafungu ya Mutiso na Rashid. Wanayaacha kwenye droo yake. Nimeyapanga yote manne mezani kwangu, nikacheza pande zote nne mwenyewe, bila sura ya mtu, bila mkwe wala jirani. Nilicheza mpaka taa ikaanza kufifia. Bibi wa Bustani hakushinda hata mara moja. Mara nyingi alikuwa wa pili kufa. Wa kwanza alikuwa Malkia wangu, kama kawaida; mkono wenyewe ulikuwa unakwenda kwake kwanza, ndivyo meza yetu ilivyozoea.

Kwa hiyo ni takataka. Fungu la daraja la kwanza, lenye maua.


Jumamosi, Novemba 22

Nimeambiwa leo kwamba sina haya. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mama Mbula alikuja kwa sababu Fahim alimtumia ujumbe kwamba nina la kusema. Alivaa vizuri. Nikasimama, nikasema mpimaji anayekosea anasahihisha mbele ya watu wale wale, na kwamba fungu la Bibi wa Bustani si la daraja la nne. Wakapiga makofi. Ningeishia hapo ningekuwa nimekunywa chai yangu kwa amani.

Lakini kipimo bila sababu si kipimo. Nikaendelea. Nikasema ni la daraja la kwanza, halina nguvu yoyote, na kwamba lilikuwa linashinda kwa sababu Mutiso hawezi kumpiga mama mkwe wake na Rashid ana deni la shukrani.

Makofi yakafa. Mutiso alisimama, uso umemvimba, akatoka nje kwenye mvua bila koti. Sikuelewa mara moja. Nilikuwa nimetaja nthoni yake mbele ya mama mwenyewe, kwa sauti, kama mtu anayesoma bei za nyama.

"Huna haya, Inspekta," Rashid akasema taratibu. "Kuna vitu mtu anaviona, ananyamaza."

"Mngenyamaza hivyo hivyo mpaka Kitui."

"Ndiyo. Tungenyamaza mpaka Kitui, mama akapata siku yake, akarudi. Ungekufa?"

Mama Mbula alikuwa bado amesimama. "Kwa hiyo siku zote hizo sikushinda," akasema.

"Hukushinda, mama. Uliachiwa."

Niliona limemwingia. Oktoba nilipomwondoa alikuwa amebeba sifa. Leo nimemrudisha na nimemnyang'anya kila kitu. Nilijua hivyo wakati naongea na nikaongea tu, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nimechoka kuwa mtu pekee anayekufa pale ndani.

"Basi nitakwenda Kitui," akasema. "Huko hawanijui. Tutaona."


Jumamosi, Novemba 29

Raundi ya pili. Hata mandazi hayakuwa yamefika.


Alhamisi, Desemba 4

Mapafu mabovu kwenye mbuzi wawili wa Rashid. Nimekataa nusu ya nyama. Alichukua iliyobaki bila kusema neno, na ingekuwa afadhali aseme.


Jumamosi, Desemba 13

Fahim alitusomea kanuni za Kitui. Kipimo chao ni raundi: fungu la daraja la tatu halitakiwi kumaliza meza kabla ya raundi ya saba. Likifanya hivyo mara mbili, mwamuzi analifungua na kulisoma kadi kwa kadi.

Halafu akaniuliza, "Na yako nani alipima?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Fahim, halijashinda tangu Juni. Unataka kipimo gani kingine?"

"Nikisoma huyu Malkia, mchwa wanaongezeka mara mbili kila raundi. Mmoja, wawili, wanne..."

"Na umewahi kuwaona wanane? Mimi sijawaona. Karatasi ni karatasi."

Mutiso akacheka chini kwa chini. "Mwache. Deki ya Inspekta haina shida."

Ni mara ya kwanza ananitetea. Nilipaswa kushtuka.


Jumapili, Desemba 21

Mvua imekatika. Sikwenda kanisani. Nitaandika ya jana yote.

Tulikwenda na pikapu ya Rashid. Ukumbi wa Kitui ulikuwa na meza nne, na kila meza inaketi mtu mmoja kutoka kila mji. Fahim alibaki pembeni kama nahodha. Mama Mbula alikuwa na ile nguo yake, ya kijani, yenye kola nyeupe. Hakuniangalia njia nzima.

Kwenye meza yangu kulikuwa na mwanamke mwenye mkahawa Mtito Andei, jina lake Mbithe. Kijana wa Wote, Kaloki, mpole, mwenye miwani. Na mzee mmoja wa Kitui. Walinisalimia. Mbithe aliniuliza njia ilikuwaje. Alipoona Mkuu wangu akasema, "Mchwa! Kwetu wamekula mlango," tukacheka. Nilicheka kweli.

Raundi ya kwanza nikaweka mchwa mmoja. Nikakaza mwili nikingoja fisi. Fisi hawakuja. Mzee alimpiga Kaloki kwa sababu Kaloki alikuwa na ngome. Kaloki akamrudishia. Raundi ya pili mchwa wawili. Mbithe alinitazama, akatazama kadi zangu, akaamua mzee ndiye wa kuogopa. Raundi ya tatu wanne.

Raundi ya nne niliweka mchwa wanane mezani. Sijawahi kuwaona wanane. Nilikuwa na roho thelathini zote, hakuna aliyenigusa, na watu watatu nisiowajua walikuwa wanaongea nami kuhusu mahindi. Kumi na sita. Kisha raundi ya sita, thelathini na wawili, nikashusha kadi inayoitwa Mvua ya Kwanza, ile inayowapa mchwa mbawa wampige kila mtu kwa pamoja. Nimeibeba tangu Juni na sijawahi kuishusha. Thelathini na wawili, kwa watu wenye roho thelathini.

"Ai," akasema Mbithe. "Tumekwisha?"

"Mmekwisha," nikasema.

Kaloki alinipa mkono. Ninaandika kwa aibu kwamba nilitaka kulia. Nilitafuta mtu wa kumwambia. Mutiso alikuwa kwenye meza yake, amenitazama, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Mzunguko wa pili nikakaa na watu wengine watatu. Walikuwa wapole vile vile. Nilijua kanuni, nilimsikia Fahim akiisoma. Ningeweza kushikilia ile kadi raundi moja zaidi. Lakini ninyi mnaosoma, kama mpo, kaeni miezi sita mkifa wa kwanza kila Jumamosi halafu mniambie mngeishikilia. Raundi ya sita nikaishusha.

Mwamuzi alikuja, kijana mrefu anayeitwa Nzioka. Akaomba fungu langu kwa heshima, akalisoma kadi kwa kadi mbele ya watu wote. Ilimchukua muda. Alipomaliza akaniuliza nani mpimaji wa Mwingi.

"Ni mimi."

"Mama, hii ni daraja la tano," akasema. "Ukiachwa raundi tatu, hakuna meza inayokuweza. Mlifanyaje mkaiweka ya pili?"

Pointi za Mwingi zikafutwa ubaoni kwa kitambaa. Tulikuwa wa kwanza. Mutiso alikuwa na ushindi mmoja. Mama Mbula alikuwa na mmoja, na wake ulikuwa halali: watu watatu wasiomjua, wasio wakwe wala majirani, walimpiga kila raundi, na alijikongoja mpaka akabaki wa mwisho na roho mbili. Nasikia watu wa Mtito Andei walisimama kumpigia makofi. Mimi sikuona, nilikuwa nimeinamia mchwa wangu. Alikuwa bado anatabasamu kitambaa kilipofika kwenye jina lake.

Tulipofika karibu na nyumbani, mimi ndiye nilianza kuongea. Tulisimama kujaza mafuta na wote wakashuka.

"Nataka kuelewa," nikasema. "Nyumbani mlikuwa mnaimaliza hii deki kila wiki. Mlijuaje? Mlikuwa mmeona Malkia ni hatari, mkanyamaza?"

Mutiso akaniangalia. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Kavata," akasema. Hajawahi kuniita jina langu. "Mimi sijawahi kusoma kadi yako hata moja. Sijui Malkia wako anafanya nini. Nilimjua leo."

"Basi kwa nini..."

"Kwa sababu ni wewe umekaa hapo."

Nikamgeukia Rashid anipe jibu lingine. Rashid alikuwa anafunga kifuniko cha tangi la mafuta, na alikifunga kwa uangalifu mkubwa sana.


Jumatatu, Desemba 22

Ng'ombe tisa. Wote wazima. Nimepiga muhuri, nimenawa, nimekwenda nyumbani.


Jumamosi, Desemba 27

Nilidhani Fahim atanifungia mlango. Hakufunga. Alisema kazi ya kupima ni yake sasa, na kama nataka kucheza, nicheze.

Nilinunua kwake pakiti ya kuanzia, ile wanayopewa watoto. Fahim akaisoma yote kwa sauti mbele ya meza, kadi zote sitini: kuku, jembe, mtungi, mtoto wa shule. Daraja la kwanza, akasema, na haliwezi kumdhuru mtu. Kila mmoja alisikia. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba asome kwa sauti. Nilitaka kujua.

Raundi ya kwanza hakuna aliye na kitu. Raundi ya pili Rashid alikuwa na mamba, na Mutiso alikuwa na fisi watatu, ndiye wa kuogopwa, mtoto angeona. Rashid akamtuma mamba kwangu. Mutiso akatuma fisi wote watatu kwangu. Hawakufikiri hata kidogo. Mutiso alikuwa anaongea na Fahim kuhusu simu wakati anafanya hivyo.

Nikabaki na roho nane. Zamu ikafika kwa Mama Mbula.

Tangu aanze mchezo huu Mama Mbula hajawahi kumwanza mtu. Huwa anangoja apigwe, ndipo arudishe. Alikuwa na nyuki mmoja mezani, na Mutiso alikuwa amebaki wazi, bila ulinzi wowote, fisi wake wote wamekwisha tumika. Alizitazama kadi zake. Alimtazama mkwe wake, au tuseme bega lake. Kisha akamchukua yule nyuki, akaongeza juu yake asali na mzinga na kila kitu alichokuwa nacho mkononi, akavisukuma vyote taratibu mpaka upande wangu wa meza.

"Nane, Inspekta," akasema.

Nikahesabu mara mbili, kwa mazoea. Zilikuwa nane. Nikageuza kadi zangu kifudifudi, na Naila akaleta chai.